Waya Chini ya Mikorosho

Bendera ndogo nyeupe zilipochomekwa kuizunguka nyumba ya mnunuzi, mtaa mzima ulidhani wapima ardhi wamekuja. Mzee Silvesta, mjumbe, hakusubiri kuitwa. Alivaa koti lake akaja mpaka ukingoni mwa mtaro ambamo Optatus alikuwa akichimba, akazitazama zile bendera moja baada ya nyingine kama mtu anayekagua gwaride.

"Shikamoo, mzee," Optatus alisema, akajifuta jasho.

"Marahaba. Mtaa unauzwa na mimi sina habari?"

"Hauuzwi, mzee. Hizi ni za mbwa."

"Mbwa amepata bendera."

"Anafundishwa nazo. Chini hapa napitisha waya wa umeme. Mbwa atavaa mkanda shingoni, akiukaribia waya mkanda unamchoma kidogo, anarudi. Akiona bendera anajua mwisho wake ni hapa. Akishazoea tunazing'oa."

Haji, mlinzi wa nyumba hiyo, alikuwa amekaa juu ya kreti la soda kivulini. "Mwanangu yuko darasa la tatu, anakaa chini kwenye sakafu," alisema. "Mbwa ana mwalimu na vifaa."

Mzee Silvesta hakucheka. "Na ukuta je? Wenye pesa si wanajenga ukuta?"

Swali hilo Optatus alikuwa amemuuliza tajiri mwenyewe. Bwana Emmanuel alikuwa mnunuzi binafsi wa korosho kutoka Dar es Salaam, mmoja wa wale walioanza kuonekana Newala baada ya biashara kuachiwa huru. Alikuwa mtu mpole, anayesalimia kwa mikono miwili. Alimjibu kwamba mkulima akiona ukuta atasema mizani imefichwa ndani, na atapeleka gunia lake kwa mwingine. Alitaka uwanja wazi, kila mtu aone korosho zake zinapopimwa, lakini ghala liwe na ulinzi. Vifaa vya waya alivinunua Dubai, pamoja na feni na seti ya sufuria.

"Haya," Mzee Silvesta alisema. "Wewe ndiye fundi. Ukituambia mbwa hapiti, tutapita."

"Hapiti, mzee. Naweka mwenyewe."

Aliyasema hayo kwa furaha. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemwita fundi kwa namna hiyo. Kiwanda cha korosho alikokuwa fundi umeme huko Masasi kilifungwa, mashine zikaachwa na vumbi, naye akarudi kuishi na mkewe Veridiana kwenye shamba la mama mkwe wake, akitengeneza redio za watu waliolipa kwa muhogo. Sasa Bwana Emmanuel alimwahidi kwamba uzio ukifanya kazi vizuri, atamweka msimu mzima awe mtu wa jenereta na mizani. Veridiana alikuwa ameshaanza kusema "msimu ukianza" karibu katika kila sentensi.

*

Tatizo lilikuwa mikorosho mitatu.

Ilisimama upande wa magharibi wa uwanja, mikubwa, matawi yake yakiinama hadi karibu na ardhi. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa zaidi ya mara moja, lakini mikorosho haikuwahi kuwamo katika mauzo hayo. Huku ardhi huweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ya mtu mwingine, na hakuna anayeona ajabu. Mikorosho ile ilikuwa ya Agatha, mama yake Veridiana. Ilipandwa na mama yake Agatha, na baada ya Agatha ingekuwa ya Veridiana, kisha ya mjukuu, Furaha.

Siku ya pili ya uchimbaji Agatha alikuja akiongozana na Furaha. Alisimama mbali kidogo, akajivuta kanga usoni na kumgeuzia Optatus bega. Mama mkwe na mkwe wake hawasemezani ana kwa ana. Maneno yao hupita kwa mtu wa tatu, na nyumbani kwao mtu wa tatu alikuwa Furaha.

"Mwambie baba yako," Agatha alisema, "huo mtaro unaikata mikorosho yangu na kuiweka kwa mbwa."

Optatus alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na alisikia kila neno. Furaha alimgeukia baba yake tu, bila kusema chochote. Kwa mazoea yao, ujumbe ulikuwa umefika.

"Mwambie bibi yako asiwe na wasiwasi. Waya nitaupindisha. Mikorosho yote itabaki nje, upande wa watu. Apalilie, aokote, mbwa hatafika."

Furaha alimgeukia bibi yake.

"Mwambie Mungu ambariki," Agatha alisema, na aliondoka akitembea kwa haraka, kama ilivyo heshima.

Bwana Emmanuel hakupinga kupindisha waya. Alisema tu, "Ila bendera zikishang'olewa, sitaki watu waonyeshwe unapita wapi hasa. Wezi wataukata. Unajua wewe na mimi, basi."

Optatus aliupindisha waya ukapita kati ya nyumba na mikorosho. Kwingine kote alichimba kina cha kutosha, mkono ukizama karibu hadi kwenye kiwiko, kama karatasi ya maelekezo ilivyoonyesha kwa picha. Alipofika chini ya matawi, sururu ilianza kugonga mizizi. Ilikuwa mizito, imesukana. Alikata mmoja, ukatoa utomvu, akasita. Kuikata mizizi ya mikorosho ya mama mkwe kulikuwa na ubaya wake. Pia jua lilikuwa likishuka, na Bwana Emmanuel alitaka kuliona jambo lenyewe likifanya kazi kabla ya kusafiri kesho yake. Optatus alikwangua udongo kidogo, akaulaza waya juu ya mizizi, akaufunika kwa mchanga na majani makavu.

Alijiambia ni kwa ajili ya mizizi. Alijiambia pia kwamba angerudi wiki ijayo kuuzika vizuri. Lakini alijua, kama kila mtu wa Newala anavyojua, kwamba mkorosho haupaliliwi kwenye shina tu. Hupaliliwa mpaka pale tawi la mwisho linapofika, pabaki peupe kama sakafu, ili korosho ikianguka ionekane. Na waya ulikuwa ndani kabisa ya matawi.

*

Mbwa aliitwa Kanali. Haji, kwa dini yake, alikataa kumgusa, kwa hiyo Optatus ndiye aliyemfunga mkanda. Watu wakaja kutazama. Kanali alikimbia hadi kwenye bendera, akaruka nyuma akilia, akajaribu tena, kisha akakaa akiutazama uwanja kana kwamba umemtukana.

"Kahitimu," Haji alisema.

Bendera ziling'olewa. Wanawake waliokwenda bombani walianza kupita pembeni mwa uwanja kama zamani, wakimchungulia mbwa, na mbwa akiwachungulia. "Fundi, huyu hapiti?" "Hapiti, mama." Kila aliposema hivyo Optatus aliikumbuka ile sehemu ya mikorosho, halafu jambo jingine likamshika. Mara mbili alitoka na sururu. Mara ya kwanza alimkuta mgeni wa tajiri, akaona aibu kufukua kazi aliyosema imekwisha. Mara ya pili alirudi bila sababu yoyote.

Nyumbani alimtazama Veridiana akipika ming'oko, vile viazi vya porini, akataka kumwambia: mwambie mama asubiri kidogo kupalilia. Lakini Veridiana angeuliza kwa nini. Na akishaambiwa kwa nini, angesema, "Basi si uende ukauzike?" Kwa hiyo hakusema.

Agatha alipalilia mapema, watu wengine wakiwa bado wanapuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mashamba yao. Alipalilia kwa siku kadhaa, polepole, akiinua jembe kidogo na kuliangusha kidogo. Mahali fulani jembe liligonga kitu kigumu kiasi, kama kijizizi. Aligonga tena, kikakatika, akaendelea.

Kanali alichelewa kujua. Kwa siku chache aliendelea kuishia palepale kwa kumbukumbu tu. Kisha akasogea kidogo, mkanda ukanyamaza. Akasogea tena.

Furaha alikuwa akikusanya majani kwenye kikapu. Agatha alimwona mbwa akija na hakushtuka mara moja, kwa sababu alikuwa ameambiwa hafiki. Alipopiga kelele, mbwa alikuwa amekwisha kumshika mtoto paja.

*

Walimshona Furaha hospitalini. Mbwa alikuwa na cheti cha chanjo, na Bwana Emmanuel, aliyekuwa amerudi siku ileile, alilipa kila kitu bila kuulizwa, hata nauli, hata juisi. Alikaa kwenye benchi pamoja nao akiwa amejishika kichwa. Ilikuwa vigumu kumchukia.

Jioni aliwaita Optatus na Mzee Silvesta, wakaufuata waya. Optatus alitangulia. Aliufuata upande wa mashariki, na upande wa kaskazini, akijifanya anatafuta. Chini ya mikorosho aliinama, akafagia majani kwa kiganja, akauinua waya. Ulikuwa vipande viwili, ncha zikiwa zimepondeka.

"Nini hiki?" Bwana Emmanuel aliuliza.

Watu walikuwa wamejaa. Agatha alikuwepo, kanga usoni, jembe bado mkononi, kwa maana hakuna aliyemwambia aliweke.

"Umekatwa na jembe," Optatus alisema.

Lilikuwa neno la kweli. Kila mtu aligeuka kulitazama jembe la Agatha. Mama mmoja alisema "Yesu wangu," kwa sauti ya chini. Agatha alilitazama pia, kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza, kisha akaliegemeza kwenye shina la mti na kukaa chini.

"Bibi, mimi sikulaumu," Bwana Emmanuel alimwambia kwa upole. "Hukujua."

Ilikuwa bora angemtukana.

Tangu siku hiyo Agatha hakulishika jembe. Veridiana alilirudisha nyumbani, Agatha akaomba liondolewe machoni pake. Alikuja kila asubuhi kumtazama mtoto, akakaa mlangoni, akakataa chai.

"Mama, njoo ndani."

"Hapahapa panatosha. Amelala vizuri?"

"Amelala. Anakuuliza wewe."

"Mwambie bibi ana mikono mibaya."

Optatus aliyasikia hayo akiwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, ameshika kipande cha mkate.

*

Bwana Emmanuel alimtuma Masasi kununua waya mwingine. Alisafiri nyuma ya pikapu, juu ya magunia matupu. Duka lilikuwa la Shakila, aliyewahi kuwa mbanguaji wa korosho kule kiwandani, na kitabu cha wateja wake kilikuwa kimejaa majina ya wenzao wa zamani.

"Nasikia una kazi," Shakila alisema akimpimia waya kwa mkono. "Wenzako wako hapa nje wanacheza bao toka asubuhi. Wewe una bahati, mume wa mtu."

"Kazi ndogo tu."

"Ndogo ni ipi? Na mtoto? Nimesikia mbwa kamuuma. Nasikia bibi yake ndiye aliyekata waya."

Habari ilikuwa imeshafika Masasi, na ilifika ikiwa imeiva hivyo. Optatus aliuchukua waya. Angeweza kuanza hapo, na mtu asiyehusika, kujaribu tu jinsi maneno yanavyotoka. Alisema, "Naomba na utepe wa kufungia," akalipa.

Aliporudi alimkuta Veridiana amekaa uani, mikono mapajani.

"Tajiri kamtumia mama salamu," alisema. "Anataka kuinunua mikorosho aikate. Anasema waya upite moja kwa moja, na malori yapate pa kugeuzia. Anatoa bei ambayo sijawahi kusikia kwa mti."

"Mama amesemaje?"

"Amekubali." Veridiana alimtazama. "Hajauliza hata bei, Baba Furaha. Amesema ile miti imemuuma mjukuu wake na hataki kuiona tena. Kesho kutwa mjumbe anakuja kushuhudia. Nimemwambia, mama, miti haiumi. Ananitazama tu. Wewe huwezi kusema naye, najua, lakini ungemtafuta mtu amwambie. Wewe ni fundi, wewe watakusikiliza."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba si kosa lake. Hata kama ni uongo."

Optatus aliinuka, akasema anakwenda kuangalia waya. Hakwenda kokote. Alizunguka nyumba, akasimama nyuma ya choo mpaka mbu walipomchoka.

*

Siku ya makubaliano walikutana chini ya mikorosho yenyewe. Bwana Emmanuel alileta viti vya plastiki. Mzee Silvesta alikaa katikati na kalamu mfukoni. Wakataji wawili walikaa kando, shoka zao zimelala kwenye majani. Kanali alifungwa kwa mnyororo nyuma ya ghala, akibweka. Agatha alikataa kiti, akakaa chini na kuwapa mgongo. Furaha alikuwa ameegemea begani mwake, bendeji ikionekana chini ya gauni; alikuwa amelia mpaka wakamleta.

"Mama Veridiana," Mzee Silvesta alianza, "unatoa miti hii kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Ya mama yako."

"Ichukuliwe."

"Mkwe wake yupo, awe shahidi," Mzee Silvesta alisema. "Optatus, sogea."

Optatus alisogea. Ardhi ilikuwa safi mpaka kwenye kivuli cha tawi la mwisho, ilivyopaliliwa na mama mkwe wake. Hapakuwa na jani zaidi ya yale yaliyodondoka baadaye. Ni pale tu alipoacha jembe ambapo nyasi zilianza.

Alichuchumaa, uso chini, kama inavyopasa mbele ya mkwe.

"Furaha," alisema. "Mwambie bibi yako hakukata waya kwa kosa lake."

Furaha alimgeuzia bibi yake kichwa. Agatha hakutikisika. Maneno ya namna hiyo alikuwa ameyasikia kwa wiki nzima, kutoka kwa watu wenye huruma.

"Mwambie," Optatus aliendelea. "Mwambie kwingine kote waya niliuzika chini sana. Jembe lisingeufikia. Hapa niliuweka juu. Nilichoka na mizizi, nikataka tajiri aone umemalizika. Niliujazia majani. Na nilijua atapalilia mpaka hapa."

Haji, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya ghala, alivua kofia yake. Bwana Emmanuel aliinama mbele kwenye kiti. Veridiana alimtazama mumewe kama mtu anayetafuta jina la mgeni.

Furaha hakugeuka. Alikuwa akimtazama baba yake.

"Mwambie bibi," Optatus alisema tena.

Safari hii kugeuza kichwa hakukutosha, na mtoto alilijua hilo. Alisogeza mdomo karibu na kanga ya bibi yake. "Bibi," alisema, "baba anasema ni yeye."

Mabega ya Agatha yalipanda, yakashuka. Kanali alibweka, na mkataji mmoja akakohoa.

"Na siku ile," Mzee Silvesta aliuliza polepole, "uliposema umekatwa na jembe?"

"Nilijua, mzee."

Bwana Emmanuel aliinuka. Hakufoka. "Mimi siwezi kununua miti kwa uongo," alimwambia mjumbe. "Makubaliano yafutwe. Bibi, unisamehe." Kisha akamgeukia Optatus, na kwa mara ya kwanza hakumpa mikono yote miwili wala mmoja. "Kesho usije. Kama uliniwekea hivi waya, sijui mizani ungeniwekeaje."

"Ndiyo, bwana."

Wakataji walichukua shoka zao, wakauliza kama watalipwa usumbufu.

Watu walipoanza kutawanyika, Agatha alizungumza bila kugeuka.

"Furaha. Mwambie baba yako akaniletee jembe langu."

*

Alikwenda nalo mwenyewe, akipita katikati ya mtaa mchana kweupe. Mkwe hampi mama mkwe kitu mkononi. Aliliweka chini kwenye udongo safi, akarudi nyuma. Agatha aliliokota, akalipangusa mpini kwa kanga, akaanza pale alipokuwa ameishia, akiinua kidogo na kuangusha kidogo. Hakumjibu Optatus neno, kupitia kwa mtu yeyote. Veridiana alikuwa ametangulia nyumbani. Leo asingesema "msimu ukianza."

Optatus alichukua sururu na kuanza kuufukua ule waya wa juu. Hata kama hana kazi tena, asingeuacha pale.

Furaha alikuja, akitembea kwa kuchechemea, akakaa kwenye kreti la Haji. Alimtazama akifukua kwa muda.

"Baba."

"Naam."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Ningemwambia bibi."

Optatus aliacha kuchimba. Jibu lilikuwepo, lilikuwa fupi, naye alilijua: aliona aibu. Alitazama huku na huku, kwa mazoea, akitafuta mtu wa kulifikisha. Upande ule alikuwepo bibi, amempa mgongo, akipalilia. Upande huu alikuwepo mtoto peke yake, akimtazama machoni, akisubiri.